Lita Milioni Mbili za Mbwajumali

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimeanza makadirio na gredi ya tano. Nimewaambia: kabla hujashika kalamu, jiulize jawabu litakuwa na ukubwa gani, ili ukikosea ujue mapema. Wamenitazama kama nimewatolea habari za ghaibu. Fawaz, ambaye adabu hana lakini akili anayo, akaniuliza, "Mwalimu, kama jawabu nishalijua, hesabu naifanyia nini?" Nikamwambia akae. Swali lake nimerudi nalo nyumbani na bado sijalipatia jibu. Kusema kweli hata mimi sikadirii. Nafanya hesabu, naihakiki, ikitoka sawa mara mbili basi imekwisha. Ndivyo nilivyofundishwa kwetu Amu, na ndivyo nilivyowashinda wavulana wote wa darasa letu.

Jumatano, 15 Januari

Joto. Kaskazi imekausha kila kitu, hata chaki yavunjika ovyo.

Jumamosi, 18 Januari

Ridhwani amekuja na karatasi yake. Huyu ni mpwa wa Bwana Abdulqadir, mwenyekiti wa kamati ya maji. Amemaliza chuo Mombasa majuzi, na mjomba wake amempa kazi ya kuandika maombi ili jabia letu litengenezwe. Jabia ni birika kubwa lililochimbwa chini, na kando yake sakafu ya chokaa ya kukingia mvua. Nusu ya mji hunywa hapo, maana visima vya upande huu ni chumvi tupu. Ufunguo wa mlango wake anao mume wangu Nabhan, kama alivyokuwa nao marehemu baba yake.

Wafadhili wanataka kujua jabia lachukua lita ngapi. Ridhwani alimpigia simu Bwana Zein, fundi mwashi aliyelipiga chokaa mara ya mwisho, akapewa vipimo: urefu ishirini na nne, upana kumi na sita, kina sita. "Mwalimu, nihakikishie tu," akaniambia, "nisije nikaaibika mbele za watu."

Nilifurahi, sifichi. Tangu niolewe hapa Mbwajumali watu huniita mwalimu kwa mdomo, lakini wakiwa na jambo la maana huenda kwa wanaume. Nikazidisha kwa karatasi, nikazidisha kwa simu. Mita za ujazo elfu mbili, mia tatu na nne, yaani lita milioni mbili, laki tatu na elfu nne. Nikaandika "Sahihi" kwa kalamu nyekundu na jina langu chini yake.

Nabhan alikuwa akifunga kamba mpya kwenye ndoo. "Milioni mbili?" akasema. "Mashaallah. Kumbe nalinda bahari." Tukacheka sote watatu.

Alhamisi, 30 Januari

Jaribio la makadirio. Nusu ya darasa wamefanya hesabu kamili kwanza kisha wakaandika makadirio yanayolingana nayo. Nimewapa sifuri. Nilikuwa nikifanya hivyo hivyo nilipokuwa na umri wao, lakini hilo si la kuwaambia.

Jumanne, 4 Februari

Kuna jambo limezuka na sielewi limeanzia wapi.

Ridhwani alikwenda kulipiga picha jabia kwa ajili ya maombi yake. Akakuta maji yamebaki kama theluthi. Akakaa akapiga hesabu: nyumba zinazoteka pale ni kama hamsini, kila nyumba madumu mawili matatu kwa siku, tangu mvua za vuli zilipolijaza. Yakaja kama lita laki moja na nusu. Akazitoa kwenye milioni mbili na laki tatu. Kwa hesabu hiyo jabia lingekuwa bado limejaa karibu pomoni.

"Mwalimu, yaliyobaki yako wapi?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyepotelewa na kiatu. Nikaipitia hesabu yake ya pili, nayo haina kosa.

Nilipomweleza Nabhan akainua mabega. "Mai kila mwaka hukoma kabla ya masika," akasema. "Tangu baba." Nimeona hilo la maji kukoma ni kweli, kisha nikaona ndilo baya zaidi. Ikiwa kila mwaka hukauka kabla ya wakati, basi kila mwaka kuna anayeyachukua.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya sala ya Ijumaa wamemkalisha Nabhan kwenye baraza ya msikiti. Nimehadithiwa na Zahra, dada yake, ambaye mwanawe alikuwapo. Bwana Abdulqadir alimuuliza kwa heshima: watu wa ujenzi wa upande wa Pate wanatafuta maji matamu, je, aliwauzia? Nabhan akasema, "Sikuuza." Je, kuna aliyempa? Hapo ndipo mume wangu, ambaye hajui kuficha hata mafua, akasema ndiyo, aliwapa mafundi wa madrasa madumu kumi ya kukorogea chokaa. Bure.

"Amekiri!" Bwana Zein akapiga kelele. "Mwaskia? Amekiri!"

Nabhan akautoa ufunguo mfukoni, akauweka mkekani, akavaa viatu vyake akaondoka. Ridhwani ndiye aliyeuokota. Sasa wapo wanaosema hata marehemu baba yake huenda alikuwa hivyo hivyo. Zahra alipofika hapo alishindwa kuendelea, akalia, nami nikalia naye. Lakini huku nalia nilikuwa nahesabu kichwani: ishirini na nne mara kumi na sita, mara sita. Lilikuja jawabu lile lile.

Jumamosi, 8 Februari

Nitaandika kila kitu leo, labda nikikisoma nitaelewa.

Kuna mambo mawili ninayoyajua. La kwanza, hesabu ni sahihi. Niliihakiki mwenyewe, na mtu yeyote duniani akizidisha namba zile atapata jawabu lile. La pili, Nabhan haibi. Mwaka juzi alirudi Faza juani kwa sababu muuza duka alimzidishia chenji. Mambo haya mawili hayawezi kukaa chumba kimoja, na mimi ninaishi nayo yote mawili.

Asubuhi nimemwekea chai na mahamri, nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengine kabisa. Yaliyotoka ni haya:

"Nabhan, uliwauzia?"

Akaweka kikombe. Hakukasirika, na laiti angekasirika. "Na weye pia?" akasema.

"Nauliza tu. Hesabu yaonyesha..."

"Nishajibu yana. Sikuuza."

"Basi yamekwenda wapi? Nisaidie. Niambie hata uongo nitakaoweza kuuamini."

Akasema, "Swafiya, miye sijui hisabu zenu. Najua mlango nalikuwa nikifungua asubuhi na kufunga jioni." Akatoka bila kumaliza chai.

Hilo lilinikera. Ningetaka apige meza, ataje watu, atafute ushahidi. Mtu msafi hujitetea. Lakini pia mtu msafi huenda haoni la kutetea. Nimegeuza hivi na hivi mpaka adhuhuri na sikufika popote. Nimeichukia kalamu yangu nyekundu, kisha nikajiambia kalamu haina kosa, kosa ni la aliyeuza maji, kisha nikakumbuka anayeshukiwa kuyauza ni nani.

Ijumaa, 14 Februari

Ridhwani ndiye mwenye ufunguo, na maji yanashuka vile vile. Nilifikiri hilo litamwokoa Nabhan. Badala yake watu wanasema ana ufunguo wa pili.

Jumatano, 19 Februari

Fawaz ameleta jawabu kwamba mbuzi mmoja ana uzito wa kilo mia tisa. Nimemwita mbele, nikamwambia aeleze huyo mbuzi anavyopita mlangoni. Darasa limecheka mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Mimi nimecheka kuliko wote. Ni mara ya kwanza kucheka mwezi huu.

Jumapili, 2 Machi

Saumu ya kwanza. Futari tumekula wawili. Kwa kawaida Ramadhani nyumba hii hujaa sahani za majirani: mkate wa sinia, tambi, viazi vya nazi. Leo haikuja hata moja. Nami nilipeleka kaimati kwa Bi Raiyan wa nyumba ya pili, sahani ikarudi na kaimati zake zote.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya jambo ambalo sikutaka kuliandika. Nabhan alipokwenda shamba nimepekua nguo zake kutafuta huo ufunguo wa pili. Nimefungua sanduku, nimepapasa mifuko, nimeinua godoro. Hakuna. Nikakunja kila kitu kama kilivyokuwa. Jioni alifungua sanduku kutoa kanzu ya tarawehe, akasimama nalo wazi. Mimi hukunja kanzu mara tatu, yeye hukunja mara mbili. Nilikuwa nimesahau.

Amehamishia mkeka wake chumba cha nje, eti kuna upepo.

Jumamosi, 8 Machi

Jeilani, mwenye punda aliyekuwa akituletea maji, hakuja tena. Zahra ametupa dumu moja kati ya yake.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimekwenda kuteka mwenyewe. Niliazima punda wa Zahra, nikatoka baada ya alfajiri, kabla ya jua kuwa kali, maana kuteka maji na saumu si mchezo. Nilifikiri ni kazi ya mara moja kisha niende shule.

Maji yamekaribia mwisho, kwa hivyo kamba hushuka chini sana. Dumu moja ni ndoo mbili, na ndoo moja ni mikono yote miwili na mgongo. Punda hubeba madumu manne, mawili kila upande, na sharti uyapakie mawili kwa wakati mmoja, la sivyo tandiko hupinduka. Mimi nilikuwa peke yangu. Nilipakia moja, likapinduka, likamwagika. Nikaanza tena. Wanawake wawili walikuja, wakateka, wakaondoka bila kunisalimu. Punda akanichoka akajilalia. Nilipofika shule kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha na mwalimu mkuu alikuwa mlangoni.

Darasani niliwapa watoto kazi ya kunakili, maana viganja vilikuwa vimechubuka nisiweze kushika chaki. Nikakaa nikavitazama. Nikawaza: hii ni safari ya punda mmoja. Lita themanini. Mtu aliyeiba milioni mbili alipakia punda wangapi?

Nikasema nisifanye hesabu kamili, nikisie tu. Milioni mbili kwa themanini. Ni kama elfu ishirini na tano.

Nikadhani nimekosea, nikairudia. Elfu ishirini na tano. Safari za punda, tangu mvua za vuli mpaka leo. Ukizigawa kwa siku kama mia zilizopita ni mia mbili na hamsini kila siku. Mbwajumali nzima ukikusanya punda wote, wenye mimba na vilema pamoja, hawafiki mia. Na wangepita wapi? Ndia hii nyembamba mbele ya nyumba yangu punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Mji ambao ukikaanga samaki jirani wanajua ni samaki gani, hakuna aliyesikia kwato za punda mia mbili na hamsini?

Kisha nikafanya hesabu nyingine. Milioni mbili na laki tatu, kwa matumizi ya nyumba zetu, ni maji ya miaka miwili na nusu. Kuna mzee yeyote aliyewahi kuona jabia likakaa miaka miwili na nusu bila mvua? Hakuna, na hawezi kuwapo. Yaani huyu mbuzi wa kilo mia tisa amekaa mjini kwetu tangu Januari, tunamlisha, na mimi ndiye niliyemwandikia "Sahihi".

Lakini bado sielewi. Ishirini na nne mara kumi na sita mara sita. Kosa liko wapi?

Jumatano, 12 Machi

Nimechukua futi ya kamba ya shule, ile ya kupimia uwanja, nikaenda na Zahra. Ridhwani alitufungulia. Nilimwambia nataka kupima, akasema, "Vipimo si tunavyo, Mwalimu?" Nikamwambia ashike ncha ya pili na asiniudhi.

Hata kabla ya kukunjua kamba nilisimama mlangoni nikaona. Darasa langu lina mita nane, nalijua maana ndilo nililowapimisha watoto. Jabia lenye mita ishirini na nne lingekuwa madarasa matatu yamepangwa mstari. Hili ni darasa moja na kidogo. Nimelipita kila siku ya Mungu kwa miaka minne. Ningeweza kulitazama tu.

Urefu mita kumi na moja. Upana saba na kitu. Kina hakifiki tatu. Ridhwani alivisoma vipimo, akavisoma tena, uso ukamshuka. Kwa makisio ni lita laki mbili na thelathini elfu, maji ya miezi mitatu kwa nyumba hamsini. Kutoka vuli mpaka sasa. Hakuna hata tone lililopotea.

Zahra akauliza, "Hayo ni mazuri ama mabaya?" Nikamwambia, "Mazuri, wifi yangu." Akapiga vigelegele peke yake ndani ya jabia lililokaribia kukauka, na yakavuma kama harusi.

Ijumaa, 14 Machi

Bwana Abdulqadir ametukusanya nyumbani kwake, nami nikaitwa nikae na wanaume. Nilianza na punda, si na mita. Nilipofika mia mbili na hamsini kwa siku kuna aliyeguna, kisha mwingine akacheka, kisha kila mtu barazani akatazama miguu yake.

Nilipofika kwenye mita, Bwana Zein akawaka. "Mita? Nani aliyetaya mita? Miye nalimwambia ishirini na nne! Mikono, Mwalimu! Tangu lini jabia likapimwa kwa mita?"

Akanyosha mkono wake kuonyesha, kutoka kiko cha mkono, pale unapokunjika, hadi ncha ya kidole. Na ni kweli. Waashi wote wa kisiwa hiki, wakichimba na wakijenga, hupima kwa mikono, na kwa kuwa wote hupima hivyo, hakuna anayetaja kwamba ni mikono. Ridhwani hakumuuliza, yeye hakumwambia, nami sikumuuliza yeyote. Mkono ni chini ya nusu mita. Kila upande ulizidi mara mbili na zaidi, na pande ni tatu, ndipo hesabu ikapanda mara kumi.

"Lakini weye ndiwe uliyesema amekiri," mtu mmoja akamwambia Bwana Zein.

"Nami mbona naliamini milioni mbili?" akajibu, na kwa mara ya kwanza alionekana amechanganyikiwa kama mimi. "Jabia nalipiga chokaa kwa mikono yangu mwenyewe, na milioni mbili naliziamini."

Jumamosi, 15 Machi

Bwana Abdulqadir na Ridhwani wamekuja kabla ya magharibi na ufunguo. Ridhwani alimshika Nabhan mkono akalia. Nabhan akamwambia yamekwisha. Ufunguo hakuupokea. Bwana Abdulqadir akautundika kwenye msumari wa ukumbini, akaomba radhi mara ya pili, wakaenda.

Tukafuturu. Sahani za majirani zilikuwa zimejaa mkeka mzima, hata kaimati kutoka kwa Bi Raiyan. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikamweleza Nabhan yote upya, jinsi nilivyokisia darasani, jinsi ile namba ya punda ilivyonishtua. Nilitaka anisifu, ndiyo kweli yenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho akila tende. Kisha akasema taratibu:

"Miye nalikwambia kwa neno moya, sikuuza. Weye ukasubiri punda elfu ishirini na tano."

Akainuka kwenda msikitini.

Alhamisi, 20 Machi

Yuko chumba cha nje bado. Hasemi ila salamu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimemwomba radhi mlangoni, kabla hajatoka kwenda kuswali. Akasema, "Idi njema." Amekula kwa mamake. Nimekaa na nguo mpya nikipokea wageni wanaonisifu kwa akili zangu. Kila mmoja asema mwalimu ndiye aliyemwokoa mumewe. Nilimwokoa na nini, kama mimi nilikuwa miongoni mwao?

Jumatano, 2 Aprili

Mawingu tangu asubuhi. Jabia ni kavu kabisa, maji tunaletewa kwa mashua kutoka Faza.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Imeanza baada ya adhuhuri, nzito, bila hata upepo wa kubisha hodi. Watoto wakapanda juu ya madawati, nikafunga shule mapema. Nilipofika nyumbani nimelowa, msumari wa ukumbini ulikuwa mtupu. Nilijua amekwenda kufagia sakafu ya jabia na kuzibua mfereji, maana maji ya mwanzo yana uchafu na sharti yamwagwe kabla ya kuyaacha yaingie.

Nikafikiri niende nimsaidie. Nikavaa buibui, nikavua. Nikavaa tena. Mwishowe nikakaa jikoni nikapika wali na mchuzi wa papa, nikautia pilipili anayoipenda.

Amerudi magharibi, maji yakimtiririka, ufagio begani. Hakwenda chumba cha nje. Aliketi jikoni kwenye kibao, akanitazama nikikoroga mchuzi. Kisha akaniita kwa jina langu, ambalo sijalisikia kinywani mwake tangu Februari.

"Swafiya, nipa mai."

Sijui kama ni msamaha au ni kiu. Nimempa.